Waya ghali wa spika na kiungo kilichofichwa nyuma ya kabati

Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo aliponipigia simu usiku na kuniambia, "Shemeji, kesho njoo usikilize, nimepata redio mpya bila kununua redio," nilijua kuna jambo. Alichobadilisha ni nyaya tu, zile zinazotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika mbili za sebuleni. Za zamani alizing'oa, akaweka pea mpya, nene kama kidole, zimesukwa na kuvikwa soksi ya nailoni nyeusi, na ncha zake zimepakwa dhahabu. Bei yake ilikaribia bei ya spika zenyewe. Dada yangu, mkewe, alikuwa na dukuduku kuhusu bei hiyo, na ndiye aliyeniomba nichunguze kwa haki, nisimpendelee yeye wala mumewe.

Nilikwenda nikiwa nimeshakata shauri. Nimefunga na kutengeneza vyombo vya muziki kwa miaka mingi, na mtu akiniuliza kuhusu nyaya ghali jibu langu lilikuwa moja: waya ni waya, tofauti unayoisikia iko kichwani mwako. Basi nikaketi kochini, shemeji akaweka wimbo niliokwisha kuusikia pale kwake mara nyingi, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha nilijua kwamba jibu langu halitoshi. Tofauti ilikuwepo. Mwimbaji, ambaye siku zote pale sebuleni alisikika kama anaimba kutoka kila pembe, usiweze kumnyooshea kidole, sasa alisimama katikati ya spika mbili. Besi ilikuwa na mwili. Dada, ambaye hana habari na vyombo hivi, alisema katika wimbo ule hakuwahi kujua kwamba kuna gitaa la besi.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo mabishano ya nyaya yanapoharibika. Mmoja anasema nimesikia, mwenzake anamwambia umejidanganya, kisha kila mtu anashika njia yake na hakuna aliyesogeza kabati aangalie nyuma yake kuna nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebakiza hatua moja nifanye hivyo hivyo.

Kilichokuwepo kabla

Amplifaya imekaa kwenye kabati upande wa kulia wa sebule. Spika ya kulia iko karibu, waya wake wa zamani ulikuwa wa mita 3. Ya kushoto iko ng'ambo ya mlango, na kwa kuwa waya ulizungushwa ukutani kufuata fremu ya mlango, ulifika mita 10. Zote mbili zilikuwa za waya mwembamba wa pea, ule wa 0.5, yaani kila uzi una mkato wa milimita mraba 0.5. Ni waya wa taa ya mezani. Spika zimeandikwa omu 4 kwa nyuma; omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita.

Hiyo omu 4 inahitaji maelezo, kwani ndiyo inayobeba kisa kizima. Spika haina ukinzani mmoja. Ukinzani wake hupanda na kushuka kufuatana na sauti inayopita. Nilizipima spika za shemeji: karibu na hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, zilipanda hadi omu 20, na karibu na hezi 180, pale sauti ya mwanamume inapopata uzito wake, zilishuka hadi 3.2. Namba iliyobandikwa nyuma ni ya jina tu, ya kukupa wazo la jumla.

Sasa waya na spika vimefungwa kwa msururu, kimoja baada ya kingine, hivyo vinagawana volti za amplifaya kwa uwiano wa ukinzani wao. Ni kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 na haijabadilika. Waya ukiwa na ukinzani mdogo sana ukilinganishwa na spika, unachukua mgao usioonekana. Ukiwa na ukinzani mkubwa, unachukua mgao wa kutosha, na ubaya ni kwamba hauchukui sawasawa: pale spika iliposhuka hadi omu 3.2 waya unakula zaidi, pale ilipopanda hadi 20 unakula kidogo. Kwa hiyo waya mwembamba haupunguzi sauti tu. Unabadilisha umbo la sauti, baadhi ya noti zinazama na nyingine zinabaki juu. Fred E. Davis alipozipima nyaya pamoja na amplifaya na spika zake, kazi iliyotoka mwaka 1991 katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, alizitazama hivyo hivyo, kama vitu vitatu vinavyofanya kazi kwa kushirikiana. Ukiuliza waya fulani unasikikaje bila kutaja umefungwa kwenye spika gani, swali lako bado halijakamilika.

Kutafuta

Nyaya za zamani zilikuwa bado kwenye boksi, shemeji hakuwa amezitupa. Nikachukua maltimita nikapima ule wa mita 10: upande mmoja nimeunganisha nyuzi mbili pamoja, upande wa pili nimeweka vidole vya mita. Ikasoma omu 1.5. Nikagusanisha vidole vyenyewe bila waya wowote: 0.3. Mita ya kawaida haiaminiki kwenye ukinzani mdogo namna hiyo, kwa kuwa waya wake yenyewe na mgusano wa ncha vinaingia kwenye hesabu. Kwa kazi hii njia nzuri ni kupitisha mkondo wa ampea 1 kamili kutoka kwenye chanzo cha umeme cha mezani, halafu kupima volti zinazopotea njiani. Kwa ampea 1, kila milivolti inayopotea ni miliomu moja ya ukinzani, yaani sehemu ya elfu ya omu. Huna haja ya kukokotoa.

Waya wa kulia, mita 3: milivolti 210. Shaba ya mkato wa 0.5 ina takriban miliomu 35 kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 3 za waya wa pea ni mita 6 za shaba. Miliomu 35 mara 6 ni 210. Hesabu na kipimo vimekutana.

Waya wa kushoto, mita 10, ulitakiwa kusoma 700. Ulisoma 1,240. Nikautikisa kidogo, namba ikaruka hadi 1,300 na kitu, ikarudi 1,190, haikutulia. Waya mzima hauruki hivyo. Nikaanza kuupitisha taratibu katikati ya kidole gumba na cha shahada, sentimita kwa sentimita, na mahali pa mita 4 na ushei nikagusa uvimbe mdogo. Pale paliviringishwa tepu ya umeme, imelainika kwa joto la miaka, imeacha gundi nyeusi inayonata vidoleni. Shemeji akakumbuka: fremu ya mlango iliwahi kutengenezwa, waya ukakatwa kwa bahati mbaya, na aliyekuwa akifanya kazi akauunga siku hiyo hiyo.

Nikachana tepu. Ndani palikuwa na nyuzi zilizosokotwa kwa mkono bila kuchomelewa kwa risasi, shaba imepata kutu ya kijani, na baadhi ya nyuzi zimekatika kabisa zikabaki kama tano au sita zinazobeba kazi yote. Hapo ndipo zilipokuwa zinapotea zile miliomu 500 na zaidi. Nilidhani nimemaliza, nikaanza kuandika kwenye daftari. Shemeji ndiye aliyeinama na tochi akasema, "Mbona huu wenye mstari umeungwa na usio na mstari?"

Alikuwa sahihi. Waya wa pea wa aina ile una mstari mwembamba mweupe kwenye ganda la uzi mmoja, ili fundi ajue upi anaupeleka kwenye kishikizo chekundu na upi kwenye cheusi. Kwenye amplifaya, wenye mstari ulikuwa kwenye nyekundu. Kwenye spika, wenye mstari ulikuwa kwenye nyekundu pia. Ukiangalia ncha zote mbili utaapa kwamba mambo yako sawa. Lakini katikati, nyuma ya kabati, ndani ya tepu, chanya na hasi zilipishana. Miaka yote ile spika ya kushoto ilikuwa imefungwa kinyume.

Spika moja ikifungwa kinyume, koni yake, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, inarudi nyuma wakati mwenzake inakwenda mbele. Kwenye besi wimbi la sauti ni refu. Noti ya hezi 50 ina urefu wa karibu mita 7, mara kadhaa ya umbali kati ya spika na spika. Kwa hiyo moja inasukuma hewa na nyingine inaivuta wakati huo huo, na sehemu kubwa ya besi inakufa kabla ya kukufikia. Sauti inayotakiwa kusimama katikati, kama ya mwimbaji, nayo inapoteza mahali pake, kwa sababu masikio mawili yanapata habari zinazopingana. Besi iliyokonda na mwimbaji asiyejulikana alipo ndivyo vitu viwili ambavyo dada na shemeji walivitaja kabla hatujafungua chochote.

Kumthibitishia shemeji nilitumia betri ya tochi ya volti 1.5. Unatoa waya kwenye amplifaya, unagusisha ncha ya chanya ya betri kwenye uzi unaokwenda kwenye nyekundu na hasi kwenye mwingine, kwa nukta tu, na mtu anaangalia koni kubwa ya spika. Ikiruka kuja mbele, mambo ni sawa. Tulirudisha waya wa zamani ulivyokuwa, nikagusa. Spika ya kulia ilikuja mbele. Ya kushoto ilizama ndani. Shemeji aliomba nirudie mara tatu huku uso wake ukiwa karibu kabisa na koni.

"Kwa hiyo sikujidanganya," akasema.

"Hukujidanganya, shemeji. Ulisikia kitu cha kweli."

Ningependa kila anayebishana kuhusu nyaya akae na sentensi hiyo kidogo kabla ya kuendelea. Sikio la shemeji lilifanya kazi yake vizuri kuliko mdomo wangu. Alichokosea ni kutaja sababu. Siku aliyofunga waya mpya alibadilisha mambo manne kwa mkupuo: aliondoa kiungo kibovu, akanyoosha chanya na hasi, akaweka shaba nene, na akaweka waya wa bei kubwa. Sifa yote akaipa bei, kwa sababu ndiyo pekee aliyoiona.

Kila jambo na mgao wake

Nikamwambia tusiachie hapo, maana bado swali la dada halijajibiwa. Ufungaji wa kinyume pamoja na kiungo kibovu tumeshavipata. Je, waya ghali wenyewe umeleta nini?

Nilichukua waya mwingine wa kawaida, wa shaba tupu, wa 2.5, usio na soksi wala dhahabu. Mita 10 zake zilisoma miliomu 140. Waya ghali, ambao kwa kipimo ulikuwa na shaba ya karibu milimita mraba 4, ulisoma 86. Kisha nikauunga upya ule wa zamani wa 0.5 kwa risasi, chanya kwa chanya, nao ukasoma karibu 700 kama ulivyotakiwa tangu mwanzo.

Weka namba hizo kwenye spika yenye omu 3.2 pale chini na omu 20 pale juu. Waya wa zamani na kiungo chake kibovu ulikuwa unazamisha sauti za hezi 180 kwa desibeli 2.8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na za hezi 60 kwa 0.5 tu. Tofauti ya kupanda na kushuka ni desibeli 2.3, na ni upande wa kushoto peke yake, hivyo muziki ulikuwa unavutwa kulia. Ukishaungwa vizuri, tofauti hiyo inashuka hadi desibeli 1.4, ambayo bado inasikika. Wa 2.5 unabakiza desibeli 0.3. Waya ghali unabakiza 0.2. Kutoka waya mwembamba kwenda wa 2.5 unavuka zaidi ya desibeli nzima. Kutoka wa 2.5 kwenda ule ghali unavuka sehemu ya kumi ya desibeli.

Hesabu peke yake haimshawishi mtu aliyesikia kwa masikio yake, na sidhani inapaswa kumshawishi. Kwa hiyo tulisikiliza, ila kwa utaratibu. Nilitengeneza swichi ya kubadilisha inayokata nyuzi zote mbili za kila spika, chanya na hasi, ili waya usiotumika uwe umekatwa kabisa upande wa amplifaya. Amplifaya nyingi zina kitufe cha A na B, lakini mara nyingi kitufe hicho hukata upande mmoja tu, na upande wa pili nyaya zote mbili zinabaki zimeungana. Jaribio linaharibika bila wewe kujua. Nyaya zote zilifungwa kwenye spika, swichi ikawekwa nyuma ya pazia, dada akakaa nayo na sarafu. Kila raundi anarusha sarafu: kichwa, waya ghali; mwenge, wa 2.5. Anaandika kwenye karatasi yake, hasemi neno. Mimi nilikuwa chumba cha pili, ili nisije nikampa shemeji ishara kwa uso wangu bila kukusudia. Utaratibu wa namna hii kwenye vyombo vya sauti ulipata nguvu mhandisi wa sauti David Clark alipochapisha mwaka 1982 maelezo ya kifaa chake cha kulinganisha bila msikilizaji wala msimamizi kujua kinachopigwa.

Kabla ya kuanza nilipima volti kwenye vishikizo vya spika kwa mlio wa hezi 1,000. Nyaya hizo mbili zilitofautiana kwa chini ya asilimia 1, yaani chini ya desibeli 0.1. Hili watu wengi huliruka, na ndilo linaloharibu majaribio mengi ya nyumbani. Sauti ikizidi kidogo tu, nusu desibeli, sikio halikwambii "imeongezeka". Linakwambia "ni nzuri zaidi, ina uhai". Ukibadilisha waya halafu ukarudisha kitufe cha sauti kwa kukisia, umeshapotea.

Raundi zilikuwa 16. Shemeji aliruhusiwa kuchukua muda wowote na kuchagua wimbo wowote, na kabla ya kila raundi angeweza kuomba asikie waya ghali akijua ni wenyewe. Alipata 9. Anayekisia tu kwa sarafu anatarajiwa kupata 8 hivi. Ili mtu aseme kuna jambo, angalau afike 12, kwa sababu kufika 12 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 4 katika 100. Alipoambiwa matokeo alinyamaza, akaomba tufanye lile la pili.

La pili lilikuwa waya ghali dhidi ya ule wa zamani wa 0.5 niliokwisha kuuunga vizuri. Safari hii tulitumia mvumo wa majaribio, ule unaofanana na maji ya maporomoko, kwani una masafa yote kwa pamoja na tofauti ndogo hujitokeza haraka. Sikusawazisha sauti, maana kupungua kwa sauti ya upande wa kushoto ni sehemu ya kasoro ya waya mwembamba na nyumbani hakuna anayeusawazishia. Alipata 14 kati ya 16. Hiyo kwa bahati hutokea kama mara 2 katika 1,000. Na alieleza anachosikia kwa maneno yake: "Huu unavuta kulia, na unakonda katikati." Ndicho hasa hesabu ilichosema.

Mtu mmoja, sebule moja, jioni moja. Sidai zaidi ya hapo. Lakini kwenye kiti kile kile, kwa sikio lile lile, tofauti ya desibeli moja na ushei ilisikika na ya sehemu ya kumi haikusikika. Watu wamewahi kuahidi fedha nyingi kwa anayeweza kuisikia ya aina hiyo ya pili. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kupinga madai ya miujiza, alitangaza dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio nyaya fulani za kifahari na za kawaida, na baada ya majadiliano marefu jaribio lenyewe halikufanyika.

Shemeji alikuwa na maswali aliyoyabeba kutoka kwa muuzaji, na anastahili kujibiwa. Fedha dhidi ya shaba: fedha inapitisha umeme vizuri zaidi kwa asilimia 6 hivi, kiasi ambacho unakipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo sana. Shaba isiyo na oksijeni: inaizidi shaba ya kawaida ya nyaya za umeme kwa takriban asilimia 1. Umeme kukimbilia kwenye ngozi ya waya: kwa hezi 20,000, juu kabisa ya usikivu wa binadamu, kina cha ngozi hiyo katika shaba bado ni karibu nusu milimita, na athari kwenye mita 10 ni ndogo mno. Mishale iliyochorwa kwenye ganda kuonyesha umeme uende wapi: mawimbi ya muziki ni mkondo unaokwenda na kurudi makumi hadi maelfu ya mara kwa sekunde, hauna upande mmoja.

Swali lake la mwisho lilinifurahisha zaidi. Aliambiwa nyaya za kushoto na kulia lazima zilingane urefu ili sauti zifike pamoja, ndiyo maana alinunua mita 10 kwa pande zote mbili na mita 7 za kulia zimejikunja nyuma ya kabati. Umeme katika waya hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mita 7 za ziada ni sehemu 35 za bilioni ya sekunde. Katika muda huo sauti hewani inasogea chini ya sehemu ya hamsini ya milimita. Ukigeuza shingo umeshaharibu zaidi ya hapo. Ila shauri hilo lina chembe ya ukweli iliyopotoshwa. Kama waya ni mwembamba, urefu usiolingana unaleta ukinzani usiolingana, na upande mmoja unazama. Ndivyo ilivyokuwa kwake kwa miaka. Dawa yake ni unene.

Kwa anayetaka kipimo cha mkononi, wafungaji wengi hushika kanuni ya kutoruhusu ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, kuzidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni 0.2, na waya wa 2.5 unakufikisha mita 14. Kwa spika ya omu 8 unakufikisha mita 28. Sebule nyingi hazifiki huko. Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: hakikisha ni shaba. Kuna nyaya nyingi za alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Zinaonekana sawa kabisa na ni nyepesi mkononi, lakini ukinzani wake ni kama mara moja na nusu, na zinavunjika upesi kwenye skrubu. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, huo si shaba tupu, na ile mita 14 inakuwa mita 9.

Nyaya zile ghali sikumwambia azirudishe wala azivue. Ni nyaya nzuri: shaba nyingi, ganda imara, ncha zinazokaza bila kulegea, na hakuna kiungo katikati. Nilichofanya ni kuzitengenezea urefu unaostahili, mita 3 kulia, na mabaki ya mita 7 yakaenda kwenye spika ya chumba cha watoto iliyokuwa na waya wa 0.5. Kabla ya kuyafunga shemeji alichukua betri ya tochi mwenyewe akagusa, akaangalia koni ikija mbele, ndipo akakaza skrubu.

Kulibaki jambo moja ambalo waya haukuligusa. Noti fulani za chini kabisa zilikuwa bado zinavuma, zinakaa hewani baada ya wimbo kuzimaliza. Sebule ina urefu wa mita 5, na chumba cha urefu huo huamsha mvumo karibu na hezi 34. Kochi lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, mahali ambapo mvumo huo huwa mkubwa kuliko kokote. Tukalisogeza mbele, kama mita moja hivi. Dada akaketi, akasikiliza wimbo ule ule, akanyoosha mkono kuizuia sauti ya mumewe aliyetaka kumuuliza, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kochi lisirudi.